Rova ndogo inayojiongoza bila GPS: mwongozo kamili wa kuifikisha kwenye shabaha ya mita 15

Sebuleni mambo ni mazuri: rova, yaani gari dogo la roboti, inakwepa miguu ya meza, inageuka, inafika ilikotumwa. Ukiishusha kwenye mchanga, inasimama mita tatu kabla ya shabaha na kutangaza kwamba imefika. Mwenyewe anarudi mezani, anabadilisha programu ya kutafuta njia, anapakua nyingine, wiki inakatika, na matokeo ni yaleyale.

Programu ya njia haina kosa. Rova haijui iko wapi, na haijui kwa sababu inaamini magurudumu yake. Ndiyo maana zaidi ya nusu ya mwongozo huu inahusu kujua mahali, na kukwepa mawe kunakuja mwishoni. Usianze na mawe.

GPS hatuitumii kwa makusudi. Kwenye Mwezi na Mirihi haipo, na kuiendesha rova ya Mirihi kwa mkono kutoka duniani hakuwezekani: ishara ya redio huchukua kati ya dakika 3 na 22 kufika, kutegemea sayari hizi mbili ziko wapi. Rova inayofuata hatua hizi itafanya kazi vilevile ndani ya mgodi au pango lenye mwanga, au chini ya miti minene.

## Vifaa

- Chasisi ya magurudumu 4 au 6 yenye kipenyo cha sm 12, uzito wa jumla kilo 4 hadi 5, urefu na upana wa takriban sm 40.
- Mota za volti 12 zenye giaboksi (gia za kupunguza kasi) na enkoda (kihesabu mizunguko). Uwiano wa gia wa 1:131 unafaa. Ukichukua mota za kasi zaidi, zitashindwa kwenda taratibu bila kukwama kwama.
- Vidhibiti viwili vya mota aina ya BTS7960, kimoja kila upande. Epuka L298N: hula karibu volti 2 njiani na kuzigeuza joto.
- Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4 (humu "Pi") yenye RAM ya GB 4 au zaidi, ikiwa na mfumo wa Ubuntu 22.04 na ROS 2 Humble, mkusanyiko wa programu za roboti. Wenye Pi 5 watumie Ubuntu 24.04 na ROS 2 Jazzy, maana Ubuntu 22.04 haikuandaliwa kwa ajili yake.
- Raspberry Pi Pico kwa kuhesabu enkoda na kuendesha mota.
- Kihisi cha mwendo chenye giroskopu (kipimo cha kasi ya kugeuka): BNO055, au MPU-6050 kwa mwenye bajeti ndogo.
- Kamera ya kina yenye macho mawili, yaani inayopima umbali wa inachokiona. Mifano humu ni ya Intel RealSense D435. Kuunganisha kamera mbili za kawaida za USB hakusaidii: hazipigi picha kwa wakati mmoja, na rova ikitikisika kila kipimo kinaharibika.
- Betri ya LiPo ya seli 3 (volti 11.1), mAh 5000, fyuzi ya ampea 10 na swichi kubwa ya kuzimia.
- Kipunguza volti cha 5V chenye uwezo wa ampea 5.
- Futi kamba ya mita 20, kamba ya fundi, vigingi, na mchanga wa ujenzi wa kutosha kufunika eneo la mita 6 kwa 3 kwa kina cha sm 8. Ufukwe au kingo za mto mkavu zinafaa pia.

## Hatua ya 1: Umeme kwanza

Pi inayojizima na kujiwasha katikati ya safari hupoteza kila kitu ilichojua kuhusu mahali ilipo. Chanzo karibu kila mara ni mota: gurudumu likikwama, mota moja huvuta ampea 2 au zaidi, nne zikifanya hivyo pamoja volti inashuka ghafla.

1. Toa nyaya mbili kutoka kwenye fyuzi: moja iende kwenye vidhibiti vya mota, nyingine kwenye kipunguza volti cha Pi. Usitoe umeme wa Pi kwenye pini ya 5V ya kidhibiti cha mota.
2. Unganisha waya hasi zote mahali pamoja. Pico isiposhirikiana waya hasi na vidhibiti, mota zitacheza zenyewe.
3. Enkoda zipewe 3.3V kutoka Pico. Ukizipa 5V zitarudisha ishara ya 5V, na pini za Pico hazivumilii hilo.
4. Betri isishuke chini ya 10.5V. Weka kengele.

Utajua umefaulu: shika magurudumu kwa mkono mota zikiwa zimewashwa kwa sekunde mbili, kisha andika `vcgencmd get_throttled`. Jibu liwe `0x0`. Likiwa kitu kingine, kwa kawaida volti ilishuka. Rekebisha kabla ya kuendelea.

## Hatua ya 2: Magurudumu yaseme ukweli sakafuni

Kwa enkoda ya mipigo 11 kwa mzunguko wa mota, kila mpigo ukihesabiwa mara nne, na giaboksi ya 1:131, mzunguko mmoja wa gurudumu ni 11 × 4 × 131 = hesabu 5764. Gurudumu la sm 12 husogea mm 377 kwa mzunguko. Kwa hiyo kila hesabu moja ni mm 0.065.

Hiyo ni hesabu ya karatasini. Mpira hubonyea kwa uzito, kwa hiyo pima:

1. Weka alama sakafuni, endesha rova mita 5 kwa hesabu yake kwa kasi ya sm 10 kwa sekunde.
2. Pima kwa futi kamba. Rudia mara tano.
3. Wastani wa umbali wa kweli ugawe kwa 5, kisha zidisha kipimo cha hesabu moja kwa jibu hilo.

Soma enkoda za magurudumu yote, hata kama mawili ya upande mmoja yanaendeshwa na kidhibiti kimoja. Upande mmoja ukitoa namba mbili tofauti, gurudumu lenye namba kubwa ndilo linaloteleza, na namba ndogo kwa kawaida ndiyo iliyo karibu na ukweli.

Utajua umefaulu: safari tano sakafuni zote zimo ndani ya sm 5 kwa mita 5.

## Hatua ya 3: Pima utelezi mchangani

Hapa ndipo wengi wanaruka, na hapa ndipo tatizo lao lilipo.

Rudia jaribio lilelile la mita 5 juu ya mchanga mkavu. Enkoda zitasema 5.00. Futi kamba itasema, tuseme, 4.10. Huo ni utelezi wa asilimia 18. Rudia kwenye mchanga uliolowa, kisha kwenye mteremko mdogo. Ziandike namba zote kwenye daftari.

Kishawishi ni kuchukua 0.82 na kuizidisha kwenye kila kipimo. Usifanye hivyo. Utazame tena ukurasa wa daftari: utelezi wa mchanga mkavu si wa mchanga mbichi, wa kupanda si wa kushuka, na rova ikianza kuzama utelezi unapanda hadi asilimia 100, yaani magurudumu yanazunguka na safari haipo. Hakuna namba moja ya kurekebisha hilo. Unahitaji shahidi mwingine asiyegusa mchanga.

Rova ya NASA, Opportunity, ilinaswa hivi kwenye tuta la mchanga Aprili 2005. Magurudumu yaliendelea kuzunguka kana kwamba safari inaendelea, na ilichukua hadi Juni kuitoa. Pacha wake, Spirit, ilinaswa 2009 na haikutoka tena.

Asiye na kamera ya kina anaweza kufunga gurudumu dogo jepesi nyuma ya rova, lisilo na mota, lenye enkoda yake. Kwa kuwa halisukumi chochote, halitelezi kwa urahisi. Lunokhod 1 ya Wasovieti ilikuwa na gurudumu la tisa la namna hiyo Mwezini mwaka 1970, na wazo bado ni zuri.

## Hatua ya 4: Mwelekeo

Kosa la nyuzi 5 tu za mwelekeo hukutoa njiani kwa sm 87 ukienda mita 10. Umbali ukiwa sahihi na mwelekeo ukiwa mbovu, bado umepotea.

1. Funga kihisi karibu na katikati ya chasisi, kwa skrubu. Gundi ya povu huleta mtikisiko.
2. BNO055 iunganishe kwenye Pico. Ikiunganishwa kwenye Pi kwa I2C (mawasiliano ya nyaya mbili) husomwa vibaya mara kwa mara, kwa sababu Pi haivumilii jinsi kihisi hicho kinavyochelewesha saa ya mawasiliano.
3. Zima dira yake ya sumaku. Chagua hali ya IMU inayotumia giroskopu na kipima mwendo pekee. Sumaku za mota zitaipotosha dira, na Mirihi haina uga wa sumaku wa sayari nzima wa kuifanya dira ifae.
4. Kila ukiwasha, rova itulie sekunde 30. Wastani wa usomaji wa giroskopu katika muda huo ndio kosa lake la kudumu. Litoe kwenye kila usomaji unaofuata. Rudia kwa sekunde 2 kila rova inaposimama, maana kihisi kikipata joto kosa hilo hubadilika.
5. Usikokotoe mwelekeo kutoka tofauti ya magurudumu ya kushoto na kulia. Rova ya magurudumu yasiyopinda hugeuka kwa kuburuza, na kuburuza hakuna kipimo.

Hakikisha pia alama: ukiigeuza rova kwa mkono kuelekea kushoto, kasi ya mgeuko iwe chanya. Kihisi kilichofungwa kichwa chini hutoa hasi, na ramani yako yote itajijenga kama kwenye kioo.

Utajua umefaulu: geuza rova mizunguko kumi kamili kwa mkono. Jumla iwe kati ya nyuzi 3580 na 3620.

## Hatua ya 5: Macho yapime safari

Kamera hutazama ardhi, hukumbuka vijiwe na mikunjo, kisha kwenye picha inayofuata hupima vimehama kiasi gani. Gurudumu likizunguka bure, vijiwe havihami, na uongo unajulikana papo hapo.

Kufunga kamera. Iwe sm 35 juu ya ardhi, imeinama nyuzi 25. Kwa pembe hii D435 huona kuanzia sm 25 mbele ya kamera hadi juu kidogo ya upeo wa macho. Hizo sm 25 za karibu hazionekani. Tutazirudia kwenye ramani.

Zima projekta ya infraredi (mwanga usioonekana kwa macho). Hili limewachelewesha watu wengi sana. D435 humwaga nukta za infraredi ili kuona kina kwenye kuta tupu. Nukta hizo zinatoka kwenye kamera, kwa hiyo husafiri pamoja na rova. Programu ikizifuata itahitimisha kwamba hakuna kilichohama. Weka `emitter_enabled` kuwa 0. Mchanga na mawe yana madoadoa ya kutosha yenyewe.

Kivuli. Kosa ni lilelile: kivuli cha rova mbele yake kinasafiri nayo. Jua likiwa nyuma yako, kata sehemu ya chini ya picha isitumike. Karibu na ikweta kuna shida ya pili: kuanzia saa tano hadi saa nane mchana jua liko utosini, vivuli vya vijiwe vinatoweka, na mchanga unaonekana kama shuka jeupe. Fanya majaribio ya kwanza saa mbili au saa tatu asubuhi.

Mipangilio. Tumia picha mbili za infraredi, 848 × 480, picha 15 kwa sekunde, kwenye `stereo_odometry` ya RTAB-Map, programu inayokokotoa safari kutoka kwenye picha. Pi 4 haitazimaliza zote. Ikichakata 5 kwa sekunde inatosha, maana kwa kasi ya sm 10 rova inasogea sm 2 tu kati ya picha na picha. Kugeuka kusizidi nyuzi 15 kwa sekunde, la sivyo picha zinafifia.

Mchanga laini usio na kitu ndio adui mkubwa. Helikopta ya Ingenuity ilimaliza kazi yake Mirihi Januari 2024 kwenye safari yake ya 72, ikiruka juu ya mchanga usio na alama za kutosha kwa mfumo wake wa kuona. Kwenye rova dawa ni rahisi kidogo: tengeneza alama zako. Magurudumu ya Curiosity, rova ya NASA iliyoko Mirihi, yana matundu yanayochapa herufi JPL (kifupi cha maabara iliyoiunda) kwa alama za Morse kwenye mchanga, na nyayo hizo husaidia kupima safari. Chonga meno yasiyolingana kwenye magurudumu yako, kisha kwenye eneo tupu geuza rova itazame nyayo zake yenyewe.

Utajua umefaulu: pandisha rova juu ya tofali magurudumu yakiwa hewani, yazungushe. Enkoda ziseme mita 3. Macho yaseme chini ya sm 5. Kisha safari ya mita 5 mchangani itofautiane na futi kamba kwa sm 10 au pungufu.

## Hatua ya 6: Unganisha mashahidi

Kifurushi cha ROS 2 kiitwacho `robot_localization` huchanganya vipimo vya mashahidi wote, yaani vihisi. Kwa kila shahidi chukua anachokijua vizuri, basi:

- magurudumu: kasi ya mbele pekee;
- giroskopu: kasi ya mgeuko pekee;
- macho: kasi ya mbele na kasi ya mgeuko.

Usiingize mahali (x na y) kutoka kwa mashahidi wawili kwa pamoja. Zikianza kupishana, rova kwenye ramani itarukaruka kama panzi kati ya sehemu mbili.

Kiwango cha shaka cha magurudumu (covariance kwenye mipangilio) usikikisie. Kichukue kwenye daftari la hatua ya 3. Utelezi wa asilimia 18 kwa kasi ya 0.1 m/s ni kosa la 0.018 m/s, mraba wake, 0.0003, ndio mwanzo mzuri. Macho yaanzie 0.0001.

Kisha andika sheria moja ya usalama nje ya mfumo huu: kasi ya magurudumu ikizidi ya macho kwa asilimia 40 kwa sekunde 3 mfululizo, simama, rudi nyuma sm 30 taratibu, na uweke alama kwamba pale hapapitiki. Asilimia 40 inaacha nafasi kwa utelezi wa kawaida wa mchanga mkavu, na sekunde 3 ni kabla gurudumu halijajichimbia hadi ekseli.

## Hatua ya 7: Ramani ya mawe na mashimo

Sasa mawe. Gawa eneo la mita 4 kwa 4 kuizunguka rova katika vigae vya sm 5. Kila kigae kihifadhi kimo cha juu, kimo cha chini na idadi ya nukta (vipimo vya kina vya kamera) zilizoangukia humo.

Umbali wa kuamini una mpaka. Kosa la kina la kamera hii hukua kwa mraba wa umbali: kwa kosa la robo hadi thumuni ya pikseli, kwenye mita 1 ni kama sm 1, kwenye mita 2 ni kama sm 4, kwenye mita 4 linafika sm 15. Jiwe la sm 6 kwenye mita 4 halitofautiki na kelele. Tupa kila nukta iliyo zaidi ya mita 2.

Tathmini dirisha lenye ukubwa wa rova nzima, yaani vigae 8 kwa 8, badala ya kigae kimoja kimoja:

- tofauti ya kimo kati ya vigae jirani ikizidi sm 4 kwa chasisi ngumu ya magurudumu 4, au sm 6 kwa yenye magurudumu 6 na mikono inayobembea: hapapitiki;
- mwinamo wa dirisha ukizidi nyuzi 15: hapapitiki;
- kigae chenye nukta pungufu ya 5 hakijulikani. Kikiwa ndani ya mita 1, kichukulie kama shimo. Shimo halionekani kama shimo. Huonekana kama mahali ambapo kamera haikupata jibu.

Panua kila kizuizi kwa nusu ya upana wa rova na sm 10 juu yake. Na usifute vigae vinavyoingia kwenye zile sm 25 zisizoonekana, vinginevyo rova italikwepa jiwe hadi lilipo karibu kabisa, ilisahau, kisha ilipande.

Onyo kuhusu pembe ya kamera. Ukikosea nyuzi 2 tu, ardhi tambarare iliyo mita 2 mbele itaonekana imepanda sm 7, na rova inaweza kukataa njia inayopitika. Weka rova sakafuni, soma kimo cha sakafu kwenye mita 0.5, 1 na 1.5. Kama kinapanda taratibu badala ya kubaki sifuri, rekebisha pembe kwenye programu hadi kilale.

## Hatua ya 8: Kuchagua njia

Sehemu hii ni fupi kuliko wengi wanavyodhani. Chora njia saba zenye urefu wa sm 60: moja iliyonyooka, na tatu zilizopinda kila upande zenye nusu-kipenyo cha mita 0.6, 1.2 na 2.4. Ondoa zinazogusa kizuizi. Katika zilizobaki, chagua ile inayokuacha karibu zaidi na shabaha. Endesha sm 30 za mwanzo tu, simama, tazama upya.

Zote zikiwa zimezibwa, geuka nyuzi 30 utazame tena. Ukigeuka mara 12 bila njia umezunguka duara zima: simama na uombe msaada. Rova inayojaribu milele humaliza betri kwenye shimo.

Perseverance, rova ya NASA iliyoko Mirihi, hufikiri huku ikiendelea kwenda, lakini ina kompyuta maalumu kwa picha. Pi 4 yako haina. Kwa sekunde 3 za kwenda na 3 za kutazama, mita 15 ni hatua 50, dakika 5 hivi. Kuna kasi za kujivunia zaidi, lakini kusimama kunakupa picha zisizotikisika na nafasi ya kusahihisha giroskopu.

## Hatua ya 9: Mtihani

Weka shabaha mita 15 kutoka kituoni, mawe kumi ya sm 8 hadi 20 katikati, na shimo moja la kina cha sm 10. Fanya safari kumi, ukibadilisha mawe kila baada ya mbili. Nane kati ya kumi zimalizike ndani ya sm 30 za shabaha bila kuguswa na mkono.

Ikishindwa, umbo la kosa linakuonyesha pa kurudi:

- Imesimama kabla ya shabaha lakini kwenye mstari sahihi: macho yamezidiwa na magurudumu. Rudi hatua ya 6, ongeza shaka ya magurudumu.
- Umbali ni sawa, imepotoka upande mmoja kila safari: giroskopu. Rudi hatua ya 4, na uone kama kweli ilitulia sekunde 30.
- Inapotoka kila safari upande tofauti: kamera imelegea kwenye mguu wake. Ishike uitikise.
- Inakataa kuondoka kituoni: pembe ya kamera, au kivuli kimeacha vigae bila nukta.
- Inapanda mawe madogo ya pembeni: upanuzi wa vizuizi ni mdogo, au ilisahau zile sm 25.
- Asubuhi inafaulu, mchana inashindwa: tazama picha ya infraredi yenyewe kabla ya kugusa programu. Ikiwa nyeupe tupu, punguza muda wa kupokea mwanga kwa mkono hadi vijiwe vionekane.